Hadithi yangu inaisha sehemu ya 5, na nimeombwa 26

SWALI: Shikamoo mwandishi. Niko Masasi, mkoani Mtwara. Mtayarishaji mmoja ameniomba skripti za tamthilia ya sehemu 26. Hadithi yangu inamhusu karani wa chama cha msingi anayechezea mizani ya korosho, huku mwanawe akitaka kumuoa binti wa mkulima anayepunjwa. Nikifika sehemu ya 5, kila kitu kimeshajulikana. Niongeze matukio?

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze hata moja. Wanaokwama hapo huleta ajali ya gari, mganga na pacha aliyepotea, na sehemu ya 9 wamekwama tena.

Nahisi una sini ya mkutano wa kijiji ambapo karani anaumbuliwa. Itoe, ihifadhi kwa sehemu ya 24. Siri hudumu kadiri walivyo wengi wasioijua, nawe umewaambia wote siku moja. Chora jedwali: majina ya wahusika pembeni, namba 1 hadi 26 juu, na kila kisanduku andika huyu anajua nini kufikia hapo. Mimi siandiki mazungumzo kabla jedwali halijajaa.

Tuanze na binti. Sehemu ya 3 anaazima mizani dukani, anapima gunia la baba yake uani: kilo 50. Ghalani karani anasoma 46. Binti anatazama chini. Akisema, ndoa imekufa. Sehemu ya 4 mshenga amekuja, wazee wako mkekani, baba anamsifu karani kwa uaminifu na binti anamimina chai. Hakuna jipya lililotokea, ila mtazamaji hatulii. Kisha mjomba. Huko Kusini neno la mjomba kwenye posa ni zito, kwa hiyo ajue yeye kabla ya baba, na atake kitu ili anyamaze. Mke wa karani naye je? Kama amejua tangu mwanzo, una sehemu nne nyingine.

Tamthilia ya Guiding Light ya Marekani ilianza redioni 1937, ikaingia televisheni 1952, ikaishia 2009. Huwezi kujaza miaka 72 kwa ajali. Hapa nyumbani, wasikilizaji wa Twende na Wakati, iliyoanza Redio Tanzania mwaka 1993, walimfuata Mkwaju, dereva wa lori, akijiharibia maisha polepole, na kilichowashika ni ule upolepole.

Jambo la bajeti: sini nyingi ziwe barazani, uani, ghalani. Mnada mmoja wenye umati unatosha, tena mchana. Usimfunge mhusika mmoja kwenye kila uzi wa hadithi pia. Mimi mwigizaji wangu mkuu aliondoka katikati ya kurekodi kwa kutolipwa, nikalazimika kumvusha mhusika wake Ruvuma kwenda Msumbiji usiku mmoja, na watazamaji wakaniuliza mwaka mzima atarudi lini.

Mkataba useme unalipwa kwa kila sehemu unayokabidhi, si baada ya kurushwa. Andika muhtasari wa kurasa tatu au nne, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo uutume pamoja na jedwali. Skripti ya kwanza ianze kuandikwa malipo ya awali yakishaingia.