Kura za mashabiki, na zile 41 nilizozifuta usiku

Tulipoamua kutoa zawadi kwa hadithi bora ya kubuni ya kisayansi au fantasia hapa Lubumbashi, tulikuwa watu wanne wenye meza moja ya plastiki na simu yangu, na tulipendezwa na wazo la kuwaachia wasomaji wamchague mshindi kwa kutuma ujumbe. Hadithi niliyoipenda mimi ilimhusu mchimbaji aliyeshuka shimoni kutafuta shaba akakuta mtaa wa watu wasio na vivuli. Ilipata kura 11. Iliyoongoza ilikuwa na kura 94. Nilipomwuliza kijana mmoja aliyeipigia kura kwamba inasimulia nini, alinijibu bila haya: "Sijaisoma, nimempigia yaya." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto, na kumpigia ndugu kura si dhambi. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulitangaza kwamba tunapima hadithi, kumbe tunapima ukubwa wa ukoo na wa kwaya.

Usiku wa kuhesabu niligundua kwamba kura 41 kati ya zile 94 ziliingia ndani ya saa moja, zote zikiwa na maneno yale yale, hata kosa lile lile la tahajia katika kichwa cha hadithi. Nilizifuta peke yangu, sikumwambia mtu, nikamtangaza aliyekuwa wa pili. Wiki haikuisha kabla mwandishi aliyenyimwa hajaja na watu wake. Dada mmoja alinisimulia hadithi yote hadi mwisho wake, akanionyesha ujumbe wake kwenye simu, akaniuliza kura yake ilikwenda wapi. Alikuwa amenakili maneno aliyotumiwa, basi. Sikuwa na la kumjibu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nisome habari za Tuzo za Hugo, ambazo zilianza kutolewa mwaka 1953 na hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi. Uanachama hulipiwa, kwa kawaida kama dola 50, na kwetu hizo ni unga wa bukari, yaani ugali, wa nyumba nzima kwa wiki kadhaa. Hata hivyo ada haikuzuia hila. Mwaka 2015 makundi yaliyojipanga yaliteua kwa orodha moja na kujaza nafasi nyingi za fainali, na wapiga kura wengine wakajibu kwa kuamua kwamba katika vipengele 5 asipewe mtu tuzo. Baadaye hesabu ya uteuzi ilibadilishwa, ili wachache wenye orodha moja wasiweze tena kuzoa nafasi zote.

Lakini kilichonichoma zaidi ni mambo ya Chengdu, mji wa China ambako kongamano hilo lilifanyika mwaka 2023. Riwaya ya R. F. Kuang ilikuwa na uteuzi wa kutosha kuingia fainali, ikaandikwa tu kwamba haistahili, bila sababu. Barua pepe zilizovuja baadaye zilionyesha kwamba baadhi ya wasimamizi walikuwa wakichunguza siasa za waandishi. Makusudio yao hayakuwa kama yangu, ila kalamu iliyofuta gizani ilikuwa ileile. Mwaka uliofuata kongamano lilifanyika Glasgow, Uskoti, na wasimamizi wa huko walifuta kura 377 kati ya 3,813, lakini walisema wazi ni ngapi na kwa nini, tena wakaeleza kwamba hawakuwa na ushahidi kuwa mgombea aliyepigiwa kura hizo alijua lolote.

Kwa hiyo, ukitaka kuanzisha tuzo ya mashabiki mtaani kwako, andika kabla ya kura ya kwanza ni kura gani itakataliwa na nani atakayeamua, wala asiwe mtu mmoja. Mtake mpiga kura aandike sentensi mbili kuhusu jambo lililotokea katika hadithi; utapoteza kura nyingi, na utazipoteza zile zinazofaa kupotea. Acha pia nafasi ya kutompa mtu zawadi.

Sisi tulifanya hivyo mwaka uliofuata. Tulikataa kura 7, tukazibandika mlangoni pamoja na matokeo na sababu za kila moja. Mwandishi aliyehusika alifika, akaisoma karatasi akiwa amesimama, akabishana nasi kuhusu kura mbili, na moja tukairudisha.