Maswali Yenu: Kinoo cha zamani na wembe wa kinyozi

Swali: Nimepata kinoo cha manjano cha Ubelgiji, cha zamani, kimeliwa katikati. Nikinolea wembe wa kukunja, bado unavuta ndevu. Kosa liko wapi?

Jibu: Kwanza ni hilo bonde. Chora mistari ya penseli juu ya kinoo, bandika msasa wa maji namba 220 kwenye kioo kinene, lowesha, sugua hadi mistari yote ifutike. Malizia na namba 600. Kama kimeshiba mafuta, kioshe kwa sabuni ya vyombo.

Kosa la pili, tunavyodhani, ni tope, yaani maji yaliyochanganyika na unga wa jiwe wakati wa kunoa. Kinoo hiki hunoa kwa chembe za ganeti, madini magumu yaliyomo ndani ya jiwe. Tope zito kama maziwa hula chuma haraka, lakini chembe hizohizo hugonga makali na kuyafifisha. Kwa hiyo ongeza tone la maji kila baada ya mapigo kumi hivi, mpaka yabaki maji matupu, kisha piga 30 hadi 50 ya mwisho. Mgongo na makali viguse jiwe pamoja, makali yakitangulia. Ugeuze wembe kwa mgongo. Usikandamize! Halafu mkanda wa ngozi, mara 50, mgongo ukitangulia.