Nunueni tepu kabla ya kukariri

Kama kikundi chenu cha ridhaa kimeamua kuigiza Death of a Salesman, tamthilia ya Arthur Miller, nunueni kwanza tepu ya kubandika sakafuni. Sisi, watu wa kazini mchana na jukwaani jioni hapa Marekani, tulianza kwa kukariri maneno, na tukaumbuka.

Nyumba ya Willy Loman, mchuuzi ambaye ndiye mhusika mkuu, kule Brooklyn, kuta zake hazionekani. Miller aliagiza hivi: mambo yakiwa ya leo, mwigizaji anaheshimu mstari wa ukuta na kuingia kwa mlango tu; Willy akizama kwenye kumbukumbu, watu wanakatiza ukutani. Mtazamaji anaijua jana na leo kwa miguu yenu.

Mimi nilikuwa Linda, mke wake. Siku ya mazoezi mbele ya wageni, kwenye onyesho la leo, asubuhi Willy anapotoka, nikamkimbilia na leso yake nikapita katikati ya ukuta. Mzee mmoja akamuuliza mkewe kwa sauti, "Kwani huyu naye ni ndoto?" Ukumbi mzima ukacheka. Kesho yake tukabandika tepu sakafuni, chumba kwa chumba.

Umri usiwasumbue. Willy ana miaka 63, lakini Lee J. Cobb alimcheza New York mwaka 1949 akiwa na 37. Kibali ombeni na kukilipia kabla ya kuchapa bango, maana haki za tamthilia hii bado zinalindwa.

Anayecheza Linda ajifunze kushona soksi za hariri zilizotoboka kwelikweli, maana Linda huzishona jukwaani. Bibi mmoja wa kikundi chetu alinifundisha: unaingiza balbu ya taa kisiginoni, tundu linatanuka, unapitisha sindano huku na huku. Hariri hunasa kwenye vidole vikavu, kwa hiyo inakulazimu uende polepole. Willy hapendi kukuona ukishona, kwani soksi mpya alimpa hawara yake wa Boston. Linda hajui. Wewe mwigizaji unajua, na hapo ndipo pagumu: ficha soksi kama mtu anayemwonea mumewe huruma, si kama aliyegundua kitu.

Ukuta ule usioonekana unavukwa katika mambo ya leo mara moja tu, Willy akishakufa: wafiwa wanakatiza ukuta wa jikoni kwenda kaburini. Usiku wetu wa mwisho kipande cha tepu kilibanduka, kikanata kwenye kiatu changu, nikaenda nacho mpaka kwenye maua.