Kwa Waliojiunga na Klabu ya Huduma Mwaka Huu

Kila Julai Mosi, vilabu vya Rotary na Lions vinapoanza mwaka mpya wa uongozi, huingia pia wanachama wapya, wengi wao vijana waliotokea Rotaract, yaani vilabu vya vijana vya Rotary, au walioalikwa na mfanyakazi mwenzao. Wengi wanaifahamu klabu kwa siku moja tu ya kazi zake, yaani siku ya tukio, yenye fulana za rangi moja, bango na mgeni rasmi. Kwa muda niliofanya kazi hii hapa Tanzania nimeona kwamba siku hiyo ndiyo sehemu fupi na nyepesi kuliko zote, na kwamba mwanachama anayejifunza mapema kazi ya kabla yake na ya baada yake ndiye anayewafaa watu tunaosema tunawahudumia.

Nianze na uchangiaji wa damu, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo mgeni hupewa mara nyingi kabla ya nyingine. Chembe nyekundu za damu zilizohifadhiwa kwenye jokofu kwa mfuko wa kawaida hudumu siku 35, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu. Kwa hiyo klabu inayokusanya chupa nyingi Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kisha ikanyamaza hadi Juni nyingine, imeisaidia hospitali kwa majuma matano ya mwaka mzima. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya damu nchini hutolewa na wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa Juni na Desemba akiba hushuka, ilhali akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, wagonjwa wa selimundu na majeruhi wa ajali hawana likizo. Watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria huongezeka baada ya mvua za masika. Katika mwezi wa Ramadhani wafungaji hawawezi kuchangia mchana, kwa hiyo ni vyema kuzungumza mapema na wahudumu wa damu juu ya uwezekano wa kupokea watu baada ya futari. Tarehe ya uchangiaji, basi, haipangwi kwa kutazama nafasi ya mgeni rasmi. Hupangwa kwa kwenda kwanza kwa watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama katika kanda yenu na kuwauliza ni lini wana uhaba, wana vitanda na wahudumu wangapi, na chupa ngapi wanaweza kuzipima na kuzihifadhi kwa siku moja.

Masharti ya mchangiaji yajue kwa moyo, maana utaulizwa na kila mtu: awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe amepumzika miezi 3 tangu alipochangia mara ya mwisho kama ni mwanamume, au miezi 4 kama ni mwanamke. Lakini meza ninayotaka uisimamie kwa makini ni ile ya kupima wingi wa damu. Mhudumu humchoma mtu kidoleni, akadondosha tone kwenye kimiminika cha buluu. Tone likizama upesi, damu inatosha, na likielea, mtu huyo hatachangia siku hiyo. Mtazame binti aliyekuja na wenzake wa ofisini, ambaye tone lake limeelea. Anainuka kwenye kiti mbele yao wote, bila kujua atazame wapi. Wahudumu wana foleni, hawawezi kumshughulikia, na asipopatikana mtu wa kumfuata ataondoka akiamini kwamba amekataliwa, na hatarudi tena. Huyo ndiye mgeni wako. Mweke pembeni, mpe kinywaji kama ulivyowapa waliochangia, mweleze kwamba amezuiwa kwa ajili ya afya yake mwenyewe na kwamba inampasa kupimwa zaidi katika zahanati iliyo karibu naye. Nimewaona watu wa namna hiyo wakirejea wakiwa wachangiaji wa kudumu, na nimewaona wengi zaidi wakipotea kwa kukosa mtu wa kusema nao dakika tano.

Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende, na majibu ni mali ya mchangiaji na wahudumu wa damu peke yao. Klabu haiulizi, haihifadhi orodha ya majibu, wala haibahatishi ni kwa nini fulani hakurudi. Kinachowezekana, kwa idhini ya mchangiaji, ni kuwa na namba yake ya simu ili akumbushwe muda wake ukifika. Kazi hiyo ya kupiga simu haina fulana wala bango, lakini ndiyo inayoifanya damu ipatikane Desemba.

Miradi ya maji inahitaji subira zaidi, na ndiko nilikoona fedha nyingi za watu wema zikipotea. Kisima kikishachimbwa na pampu ikatoa maji mbele ya kamera, mengi bado hayajafanyika. Kabla ya kumwita mchimbaji, nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala ulioanzishwa mwaka 2019 kusimamia maji na usafi wa mazingira vijijini, ukaulize kama eneo hilo tayari lina mpango wa maji na ni chombo gani cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kitakachokipokea kisima. Pima maji kabla ya kujenga chochote juu yake: ukanda wa pwani chumvi huingia visimani, na sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara maji ya ardhini yana floraidi ambayo hutia meno rangi ya kahawia, na ikizidi huharibu mifupa. Hakuna furaha ya uzinduzi inayoweza kufidia maji yanayomdhuru mtoto miaka kumi mfululizo.

Kisha wasikilize wanaochota. Mkutano wa kijiji huitishwa mara nyingi kwa saa ambazo wanawake wako njiani na ndoo, na waliohudhuria hukubali mahali pa kisima bila wao kuulizwa. Mimi huwashauri wageni waende kwenye chanzo cha zamani cha maji alfajiri, wakae, wasalimie wakubwa kama inavyostahili, na waulize kwa upole: foleni huwa ndefu saa ngapi, nani hukataliwa, ndoo inalipiwaje, pampu ya awali ilikufa kwa sababu gani. Majibu ya swali hili la mwisho yana thamani kubwa, kwani mara nyingi utaambiwa kwamba kiliharibika kipuri kidogo cha mpira na hapakuwa na aliyejua kinauzwa wapi, au kwamba fedha za ndoo zilikuwa kwa mtu mmoja asiyetoa hesabu.

Habari ya fedha nitaisema kwa ufupi, kwa sababu haina mjadala. Ada za wanachama na michango ya wananchi hukaa katika akaunti mbili tofauti. Chakula cha mikutano yetu na mabango yetu hulipiwa kwa ada zetu. Shilingi iliyotolewa na mfadhili kwa ajili ya kisima huenda kwenye kisima. Ukipewa kununua hata katoni moja ya maji, rudi na risiti.

Juu ya picha, mwombe mtu idhini kabla ya kumpiga, na kwa mtoto muulize mzazi. Mgonjwa aliye kitandani usimpige kabisa, hata akikubali, maana hali aliyonayo haimpi nafasi ya kukataa.

Ugumu mkubwa wa vilabu vyetu ni kwamba uongozi hubadilika kila mwaka, na kila rais mpya hutamani mradi wake. Kazi ya kutokomeza polio inatufundisha vinginevyo. Rotary iliianza rasmi mwaka 1985, na Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio Agosti 25, 2020, baada ya marais wa vilabu kupokezana mara nyingi. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mmoja wa virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na Tanzania ikarudi katika kampeni za nyumba kwa nyumba, zikianzia mikoa ya mpakani. Waliokuwa wamezitunza orodha za watu wa kujitolea na mawasiliano ya wenyeviti wa mitaa waliweza kuanza mara moja. Wengine walianza kwa kutafuta namba za simu.

Katika mwezi wako wa kwanza, mwombe katibu jalada la mradi mmoja uliokamilika miaka mitatu iliyopita, na uende kuutembelea pamoja na mwanachama wa zamani. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na usiende na bango. Chunguza kama pampu inafanya kazi, nani anakusanya fedha, daftari la hesabu liko kwa nani, fundi wa karibu yuko wapi. Andika ulichokiona katika ukurasa mmoja, uombe kukisoma katika mkutano unaofuata, kabla ajenda ya miradi mipya haijafunguliwa.