Ruaha na gari lenu wenyewe au siti kwenye msafara? Majibu ya maswali yenu

Kamwene ndugu zangu. Kiangazi kikianza tu simu yangu haipoi, na maswali karibu yote yanazunguka kitu kimoja, yaani mtu aingie hifadhini na gari na mwongozaji wake mwenyewe au alipie siti kwenye msafara wa watu wengi. Nimepeleka watu Ruaha kutokea hapa Iringa miaka kumi na kitu sasa, kwa njia zote mbili, kwahiyo najibu kwa nilichokiona.

Tuko walimu sita hapa Mafinga, tunataka Ruaha mwezi wa nane. Kuna mtu anatuuzia siti kwenye kosta ya watu 28, kwenda na kurudi siku moja. Mwingine anatushawishi tukodi Land Cruiser na mwongozaji, ila bei kwa kila mtu inakuwa karibu mara mbili. Tuchukue ipi? (Walimu, Mafinga)

Walimu wangu, chukueni Land Cruiser, na mlale huko hata usiku mmoja. Hebu tupige hesabu ya saa kwanza kabla ya hesabu ya hela. Kutoka Mafinga mpaka Iringa mjini ni kama kilomita 80, Iringa mpaka Msembe katikati ya hifadhi ni kama 130 nyingine, na huko mbele gari halikimbii. Kosta itasema inaondoka saa kumi alfajiri lakini mnajua wenyewe, kuna atakayechelewa, kuna chai Iringa, kuna wa kuchimba dawa njiani, mnajikuta getini saa nne na nusu au saa tano jua limeshakuwa kali. Geti limefunguliwa tangu saa kumi na mbili asubuhi! Yale masaa mawili ya mwanzo ambayo simba bado anatembea na chui hajapanda mtini kulala nyie mlikuwa barabarani, na ile jioni wanyama wanapoamka tena nyie mnageuza kurudi. Mnakuwa mmelipia saa nne za mchana ambazo kila mnyama mwenye akili yuko chini ya kivuli.

Ngoja niwaambie kitu nilichokiona mwaka jana mwezi wa tisa. Nilikuwa na familia ya watu watano, tukasimama ukingoni mwa Mwagusi, ule mto wa mchanga, kiangazi huoni hata tone la maji juu. Akaja tembo jike na mtoto wake. Akaanza kupiga mchanga kwa mguu wa mbele, anachota kwa mkonga anamwaga pembeni, anapiga tena, anachota, mpaka shimo likafika kina cha nusu ya mkonga. Maji ya kwanza yalikuja na tope, hakuyanywa, aliyavuta akayamwaga nje alafu akatulia anasubiri yachuje. Mtoto hana subira, anasukuma aingize kamkonga kake, mchanga unaporomoka shimo linafukiwa, mama anaanza upya bila hasira. Dakika arobaini gari limezimwa na hakuna aliyeongea, hata yule binti wao wa miaka sita alikuwa ameshika mkono wa baba yake kimya. Katikati ya hapo ukaja msafara mmoja, wakasimama, simu zikatoka madirishani, dakika tatu hazikuisha wakaondoka kuwahi chakula Msembe. Niliwasikitikia kweli, maana maji yalikuwa bado hayajatoka.

Hicho ndicho mnachonunua kwa ile nusu ya pili ya bei, haki ya kumwambia dereva zima gari tukae hapa. Kwenye kosta haki hiyo hamna, mkiwa 28 kuna anayetaka tembo, kuna anayetaka choo na kuna anayetaka kurudi mapema. Alafu mnyama akiwa kushoto walioko kulia wanaona visogo vya wenzao tu.

Kupunguza gharama, gawaneni gari watu sita kama mlivyo, na ulizeni mabanda ya hifadhi yenyewe pale Msembe au kulala kijijini Tungamalenga kabla ya geti. Kama hela haitoshi kabisa basi nendeni na kosta lakini nendeni Mikumi, kule barabara kuu inapita katikati ya hifadhi na uwanda wa Mkata uko wazi, wanyama wanaonekana bila kuzunguka sana.

Nitajuaje kama mwongozaji ni wa kweli au ni dereva tu aliyevaa kofia ya kijani? (Mama wawili, Mwanjelwa, Mbeya)

Mama wawili, swali zuri sana hili. Karatasi kwanza, muulize leseni yake ya uongozaji na kama ni kampuni muulize leseni ya wakala wa utalii, ile wanaita TALA. Mwenye nayo haoni shida kukuonyesha. Alafu muulize kitu cha huko porini. Mimi huwaambia watu waulize hivi, tandala mkubwa na tandala mdogo utanitofautishiaje? Ruaha wapo wote wawili, mtu anayefanya kazi kule hawezi kushindwa, atakwambia mdogo ana mistari mingi zaidi ubavuni na mabaka mawili meupe shingoni, na dume la mkubwa lina ndevu ndefu kooni. Akianza kuzungukazunguka ujue huyo anajua barabara tu, wanyama hawajui.

Akikuahidi simba kwa asilimia mia, achana naye. Mwongozaji mzuri atakwambia tutatafuta, na atakuuliza wewe unapenda kuona nini, una watoto wa umri gani, mgongo unauma au hauumi.

Na gari lione kwa macho yako siku moja kabla. Mimi mwenyewe kabla sijapata gari langu nilishawahi kukodi kwa mtu, nikaonyeshwa picha ya gari zuri, asubuhi likaja jingine tairi vipara na spea moja nayo haina upepo, tukapata pancha mbili kabla ya saa sita na wageni wangu wakashinda juani wakisubiri bodaboda ilete tairi. Sijasahau sura ya yule mzee wa watu alivyokuwa anajipepea na kofia. Spea mbili, maji ya kutosha, paa la kufunguka au madirisha makubwa, usikubali chini ya hapo. Kiingilio nacho kinalipwa kwa kontroo namba au kadi, mtu akitaka umpe keshi akakulipie mwenyewe basi dai risiti yako.

Mama yangu mdogo anaishi Hamburg, mwezi wa pili atapita Dar kwa meli ya kitalii. Meli inafika asubuhi inaondoka jioni hiyohiyo. Meli wanauza safari ya kuona wanyama ila ni ghali, nataka nimtafutie mwongozaji binafsi amlete hata Ruaha awaone simba. Inawezekana? (Kijana, Makambako)

Ruaha haiwezekani mdogo wangu. Dar mpaka Iringa peke yake ni kama kilomita 500, ongeza zile 130 za kufika Msembe, mama atafika usiku na meli iko baharini.

Hapa nageuka nasema kinyume na nilichowaambia walimu wa Mafinga. Akichukua safari waliyoiuza wenyewe wa meli, basi lao likikwama njiani meli inawasubiri, na ikishindikana kusubiri wao ndio wanabeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Akienda na mtu wako binafsi akachelewa hata nusu saa, meli inaondoka, na tiketi ya kuifuata huko iendako inatoka mfukoni mwake. Tena anatakiwa awe ndani kabla ya muda wa kuondoka, sio wakati ule meli inapopiga honi. Sasa fikiria Mikumi, hiyo iko karibu kuliko Ruaha na bado ni kama kilomita 280 kwenda na nyingine hizohizo kurudi, kwenye barabara ya malori yote ya Zambia na Kongo, lori moja likilala Chalinze umekwisha. Usimfanyie hivyo mama yako mdogo. Kama hela anayo achukue ya meli, hasa kama ni ile ya ndege ndogo kwenda hifadhi ya Nyerere, haifiki hata saa moja angani.

Ila meli ikisimama Zanzibar pia, pale mtafutie mtu binafsi bila wasiwasi. Msitu wa Jozani uko kama kilomita 35 tu kutoka mjini, kuna kima punju ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, na hawaogopi watu. Akitaka kukaa chini ya mti mmoja saa nzima akawaangalia wanavyotafuna majani, akae, bandari iko karibu.

Na kama kweli anampenda simba, mshauri ashukie Dar moja kwa moja safari ijayo, aje Iringa, tena aje kiangazi, sio mwezi wa pili ambapo nyasi zinamfunika simba mzima na udongo mweusi unanasa magari. Mwezi wa pili ni wa wapenda ndege.

Tulimuona chui kama mita mia mbili kutoka barabarani, mwongozaji akakataa kuingia porini kumsogelea. Tulikuwa tumelipa gari peke yetu! Alikosea? (Familia, Njombe)

Hakukosea hata kidogo, nawaomba mpelekeeni salamu zangu. Ndani ya hifadhi ya taifa gari halitoki barabarani, awe wa msafara au wa binafsi, faini ipo na leseni yake inakuwa hatarini. Lakini achana na faini. Gari likikanyaga nyasi leo, kesho la pili linafuata alama, wiki ijayo ni barabara. Na chui anayesogelewa anaacha mawindo yake na kuondoka, watoto wake wanalala njaa. Kulipia gari peke yenu kunawapa muda, mngesubiri palepale barabarani, chui mwingine huja mwenyewe akiona gari limetulia. Na darubini moja nzuri, wapendwa, inawasogeza karibu kuliko tairi.

Kitulo nako nahitaji mwongozaji? Si ni maua tu? (Mdada, Tukuyu)

Maua tu! Dada yangu, Kitulo ndiyo hifadhi ya kwanza ukanda huu wa Afrika wa tropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea, tangu 2005, na kuna okidi za ardhini aina zaidi ya 40. Nenda kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne. Chukua mwongozaji, ndiyo, wa kutembea kwa miguu, na wa Matamba wanafaa sana maana wamekulia kwenye maua hayo. Peke yako utaona uwanda wa rangi ukapiga picha ukarudi, yeye atakuchuchumalisha chini akuonyeshe okidi ndogo kama ukucha imejificha kwenye nyasi ambayo ungeikanyaga. Ukipandia Chimala kuna kona 57, kama unatapikaga garini kaa mbele. Beba sweta zito, juu kule ni zaidi ya mita 2,600 na ukungu ukishuka unashuka kweli.

Mbung'o wa Ruaha wanazuilika? (Baba, Ilula)

Usivae bluu wala nyeusi, hizo rangi wanazifuata. Vaa khaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, na funga vioo mnapopita kwenye miti mingi, mkitokea karibu na mto fungueni, huko wanapungua.