Mama Fundi Anajibu: Usizike chaja ndani ya ukuta wa mbao

Swali: Mama Fundi, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa elektroniki, tunaishi Keshero, hapa Goma, katika nyumba ya mbao iliyo juu ya msingi wa mawe. Nimetengeneza kadi ndogo yenye ESP8266 (chipu ya waifai) na rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme), inawasha taa ya sebuleni kwa simu. Mezani inafanya kazi vizuri, inakula volti 5 za chaja. Sasa nataka kuificha ukutani nyuma ya enterupta (swichi ya taa), ichukue umeme humo humo kwenye 220. Rafiki yangu anasema nivunje chaja ya simu nitoe ubao wake. Mwingine amenionyesha mchoro wa kapasita moja na diodi nne, bila transfoma, wa bei ya soda. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimsikilize hata mmoja, mwanangu. Nianze na huyo wa kapasita, maana mchoro wake unapita mikononi mwa vijana wengi na ndio unaoniogopesha.

Piga hesabu. Kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye volti 220 na hezi 50 inapitisha miliampea 69, basi. Rilei ya volti 5, zile ndogo za buluu, peke yake inavuta kama 70. ESP8266 nayo inapotuma waifai inaweza kuruka hadi 300 na zaidi kwa kitambo kidogo. Kadi yako itazimika na kujiwasha ovyo, nawe utaongeza kapasita ya pili, ya tatu, mpaka bwati (kisanduku cha ukutani) ijae. Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba katika mchoro ule hakuna chochote kinachotenganisha 220 na kadi. Pini zote, waya wa hasi, hata antena, vimeungwa moja kwa moja na waya unaotoka kwenye nguzo. Siku utakapochomeka kebo ya kompyuta ili ubadilishe programu, utakuwa umeichomeka kompyuta kwenye fazi (waya wenye moto), pamoja na mkono unaoishika. Usiniambie utafunga hasi upande wa netre (waya wa kurudi). Katika nyumba nyingi ninazofungua hapa Goma, fazi na netre zimebadilishana njiani, na hakuna aliyegundua kwa sababu taa inawaka vile vile. Mchoro huo una mahali pake: ndani ya ampuli (balbu) ya LED, au kitu kingine kilichofungwa kabisa ambacho kidole hakiingii.

Chaja je? Chaja nzuri ina transfoma ndogo inayotenganisha pande mbili. Lakini ganda lake la plastiki ni sehemu ya kinga, na wewe unataka kulivunja. Tena zile za bei ya chini ukizifungua utakuta upande wa 220 na upande wa volti 5 vimeachana milimita moja au mbili. Mimi nataka 6 kwa uchache, na 8 nafasi ikiruhusu. Vumbi letu jeusi likitua hapo, unyevu wa masika ukalilowesha, umeme umeshapata daraja.

Kama lazima iwe ukutani, nunua moduli iliyofungwa ndani ya utomvu mgumu. Ile inayojulikana sana ni HLK-PM01 ya Hi-Link: inapokea volti 100 hadi 240, inatoa volti 5 kwa miliampea 600, na ina ukubwa wa milimita 34 kwa 20 kwa 15. Kwa kadi na rilei yako inatosha na kubaki. Ila haijitoshelezi. Mbele yake weka fyuzi ya taratibu (isiyokatika kwa mruko mfupi) ya ampea 1 na varista (kipande cha kukinga mshtuko wa volti), na kabla ya varista, kwenye waya wa fazi, weka fyuzi ya joto inayokatika kwenye nyuzi 72 au karibu na hapo, imelala ikigusa varista na moduli.

Wengi wanairuka hiyo fyuzi ya joto, nami nakuomba usiiruke, hasa kwa mji wetu. Netre ikikatika huko barabarani, nyumba zilizo kwenye fazi mbalimbali hujikuta zimefuatana kati ya fazi na fazi, kwenye volti 380. Jirani mwenye pasi na jiko la umeme anapata kidogo, wewe mwenye taa mbili unapata 300 na kitu. Varista imeumbwa kumeza mshtuko wa kufumba na kufumbua. Ikipewa volti hizo kwa dakika nzima inapitisha umeme mfululizo, inachemka, na inaweza kuwaka. Ukuta wako ni mbao. Fyuzi ya joto ndiyo inayokata hapo, kabla moto haujaanza. Unapoiunga kwa risasi, bana mguu wake na koleo karibu na mwili ili joto liishie kwenye koleo, la sivyo utaiua kabla haijaanza kazi. Hakikisha pia mkondo wa taa haupitii kwenye fyuzi hizo ndogo: fazi igawanyike, tawi moja liende kwenye moduli, lingine kwenye rilei.

Kwenye ubao wa matundu, ng'oa vile vipete vya shaba kati ya upande wa 220 na upande wa volti 5, safu tatu nzima. Bwati iwe ya kipenyo cha milimita 67 na kina cha 50, si 40, na iwe ya plastiki isiyoendeleza moto. Usipigilie kadi kwenye ubao mtupu wa ukuta. Nimeliona hilo, na sitasema kwa nani. Taa tu: usifunge pasi wala jiko, hata kama juu ya rilei pameandikwa 10 A.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza. Fungua enterupta yako (disjonkta, ile swichi inayojikata, imeshushwa, na umepima kwa kipimo cha ncha mbili, si bisibisi yenye kitaa peke yake) uhesabu nyaya. Nadhani utakuta mbili: fazi inayoingia na fazi inayokwenda kwenye ampuli. Netre haipo, imepita juu ya dari. Moduli itarudisha umeme wapi? Hapo vijana huchukua waya wa udongo wakaufanya netre. Usifanye. Siku waya huo utakapolegea, kila chuma kilichofungwa nao nyumbani kinakuwa na 220. Kadi ihamie kwenye bwati ya dari, ambapo fazi na netre zote zipo.

Sasa nikuambie ningefanya nini kama nyumba ingekuwa yangu. Nisingeweka 220 wala moduli ukutani kabisa. Ningenunua pawasaplai moja nzuri ya volti 12, nikaifunga kwenye kisanduku cha plastiki isiyoendeleza moto karibu na tablo (ubao wa disjonkta), rilei zote humo humo, kadi humo humo. Kwenye mbao zingebaki nyaya nyembamba za volti 12 na vibonyezo tu. Mafundi wa zamani walifanya hivyo na telerupta (rilei inayogeuka kila unapobonyeza), kabla ya simu hizi. Waya wa milimita 0.75 za mraba, kwa umbali wa mita 15, ukivuta miliampea 200 hupoteza chini ya volti 0.2, kwa hiyo umbali si tatizo. Betri ya volti 12 na chaja yake ukiziongeza hapo, kadi haitalala umeme ukienda. Kitu kimoja tu: nyaya za 12 na za 220 zisipite tibu (bomba la nyaya) moja.

Swali: Mama, tuko Himbi. Umeme ukikatika tunatumia konvertisa inayogeuza umeme wa betri ya gari kuwa 220. Enterupta za waifai nilizonunua zinanguruma na kupata moto tukiwa kwenye konvertisa, lakini kwenye umeme wa kawaida ziko sawa. Ni mbovu?

Jibu: Si mbovu, dada, ila nahisi ndani yake kuna kapasita kama ile ya mwanafunzi wa Keshero. Konvertisa nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, si la mviringo, na kila ukingo wa ngazi unasukuma mkondo mkubwa kupita kwenye kapasita. Zizime kwenye tablo mkiwa kwenye konvertisa, au siku ukipata pesa ununue konvertisa ya wimbi safi. Zikiwa na moto usioweza kushikika, usingoje pesa, zitoe.

Swali: Jambo Mama Fundi. Kiwanja chetu kiko juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002. Fundi anasema pike ya udongo (nondo ya kupeleka umeme ardhini) haiwezi kuingia, kwa hiyo disjonkta diferensieli ya miliampea 30 ni kupoteza pesa. Ni kweli?

Jibu: Pike kutoingia ni kweli. Nimeona pike zimepinda kwenye jiwe hilo. Lililobaki si kweli. Diferensieli inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata. Gawanya volti 50, ambazo mwili mkavu huvumilia, kwa ampea 0.03: unapata omu 1,660 hivi. Maana yake hata udongo mbaya wa omu mia kadhaa unaitosha. Ni juu ya lava hasa ndipo unapoihitaji, kwa sababu disjonkta ya kawaida ya ampea 10 haitapata mkondo wa kutosha kukata.

Badala ya kupigana na jiwe, laza waya wa shaba mtupu wa milimita 25 za mraba kuzunguka msingi, uuzike kwenye udongo mweusi wa kuletwa, si kokoto za lava, na upitishe pale maji ya jikoni yanapomwagika. Kisha mwambie fundi apime kwa kipimo cha udongo, akuandikie namba. Na kibonyezo cha T ukibonyeze kila mwezi umeme ukiwapo. Kisipokata, badilisha diferensieli. Kikikata, umejua kwamba mashine yake ni nzima tu. Kuhusu waya wako wa udongo hakisemi lolote, na ndiyo maana nimetaka ile namba.