Maswali na majibu: Jani moja la mshubiri, vitu viwili

Barua nyingi za safari hii zinahusu mshubiri, mmea ambao wengi sasa huuita alovera, na karibu zote zina kosa lile lile la kulizungumzia jani kana kwamba ni kitu kimoja. Chini tu ya ganda la kijani kuna utomvu wa manjano, mchungu, ambao ndio shubiri yenyewe. Katikati kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, ambao sehemu yake kubwa mno ni maji. Ninaomba tofauti hiyo ikumbukwe katika kila jibu linalofuata.

Nasaga jani zima na kunywa glasi moja kila siku ili kusafisha tumbo. Je, nizidishe kipimo?

Usizidishe, bali acha kabisa. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado linaletwa na watu ambao hawajajiuliza kile wanachokiita usafi kinatoka wapi. Kinachokupeleka chooni ni utomvu. Kemikali yake iitwayo aloini hupita tumboni hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huigeuza kuwa kitu kinachouchokoza utumbo huo. Ndiyo maana mtu hunywa usiku na tumbo likamkata asubuhi. Anayeendelea kwa majuma hupoteza maji na potasiamu, misuli hulegea, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, hasa kwa mgonjwa anayetumia digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, au dawa za kuongeza mkojo. Gramu moja ya utomvu kwa siku, ikitumiwa kwa siku kadhaa mfululizo, inaweza kuharibu figo na hata kuua.

Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa shubiri katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Baadaye panya waliopewa dondoo ya jani zima katika maji ya kunywa walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka dondoo hiyo miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Neno "asilia" lililoandikwa kwenye chupa halibadilishi lolote kati ya hayo.

Mimi ni mjamzito wa miezi minne na nina choo kigumu. Shubiri kidogo itanidhuru?

Usinywe hata tone, kwa maana utomvu unaweza kuuchochea mji wa mimba ukaanza kubana. Mweleze mkunga wako akupe dawa inayofaa.

Nimeungua mkono kwa mvuke. Nipake ute mara moja?

Maji kwanza. Uweke mkono chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, tena si barafu, wala siagi, wala dawa ya meno. Ikiwa ngozi imekuwa nyekundu tu na haijapasuka, ute unaweza kutuliza maumivu na kuisaidia kupona. Malengelenge makubwa, ngozi iliyochubuka, au jeraha la usoni, sehemu za siri au kwenye viungo vinavyokunjwa, hayo ni ya hospitali, na yasipakwe kitu chochote kilichochumwa bustanini.

Je, utasaidia kidonda cha upasuaji kilichoachana?

Hapana. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti mdogo juu ya wanawake ambao vidonda vyao vya upasuaji vilikuwa na matatizo: waliotibiwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53, na waliopakwa jeli ya mshubiri, siku 83. Kinachoituliza ngozi nzima si lazima kiponye nyama iliyo wazi.

Jirani yangu aliacha vidonge vya kisukari akanywa mshubiri. Nami nifanye hivyo?

Usiache dawa. Mshubiri unaweza kuishusha sukari kiasi, na hapo ndipo hatari ilipo kwa anayeunywa pamoja na vidonge au insulini bila kumwambia daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Aidha, wako watu ambao ini lao liliugua baada ya kunywa bidhaa za mmea huu. Ukiona macho ya manjano au mkojo mweusi, usingoje hadi kesho.

Nataka kumwachisha mtoto ziwa kwa kupaka shubiri kwenye chuchu.

Uchungu utamkimbiza, ni kweli, lakini kile atakachokimeza kabla ya kukimbia ni dawa ya kuharisha, na mtoto mdogo huishiwa maji upesi sana. Punguza nyonyesho moja baada ya jingine, ukianza na la mchana. Nawasihi akina mama waiache njia hii.

Ute hutolewaje vizuri?

Kata jani nono la chini, lililokomaa, kisha lisimamishe ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa robo saa au zaidi. Utauona utomvu ukidondoka, manjano kwanza, kisha kahawia unapokauka. Ukigusa nguo huacha doa. Osha jani, kata miiba ya pembeni, menya ganda pande zote mbili, kisha suuza kipande cha ute mpaka pasibaki hata mshipa mmoja wa manjano.

Unakuza nywele?

Unalainisha, ushahidi wa kukuza sijauona.

Kila nikipaka usoni naona muwasho. Niendelee mpaka ngozi izoee?

Usiendelee. Huenda ni utomvu uliobaki kwa kutosuuza, na huenda ni mzio, ambao unaweza kuwapata hasa watu wasiopatana na kitunguu au kitunguu saumu. Osha kwa maji mengi na uache ngozi ipumzike hadi itulie. Ukitaka kujaribu tena, paka kidogo ute uliosuuzwa vizuri upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku nzima. Muwasho ukirudi, mmea huu haukufai.